Siku Vanila ya Mama Kavugho Ilipoitwa Mchele

Vijana wangu, ninyi mnaoingia maabara asubuhi na glavu mpya na kutoka adhuhuri mkijiita wataalamu, kaeni kidogo. Mimi ni Paluku. Nimefanya kazi ya mimea miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, nusu yake kwenye kituo cha kilimo hapa Butembo, nusu nyingine msituni upande wa Beni, matope mpaka magotini. Kazi yangu ilikuwa okidi. Najua mnacheka: mzee mzima analipwa kutazama maua! Haya, biskuti mliyokula jana ilinukia nini? Vanila. Basi mmekula okidi. Vanila ni okidi kama nyingine, ila kamba yake hupanda mti, ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na ganda lake husafiri mpaka nchi ambazo mimi na ninyi hatutazikanyaga.

Nataka kuwasimulia habari ya barua moja niliyoiandika kwa mkono wangu. Ilikuwa na mistari minne na mihuri miwili, na ilikuwa kosa tupu kuanzia neno la kwanza hadi sahihi. Kwa barua hiyo nilikaribia kumfukuza mama mmoja kwenye shamba lililokuwa likilisha watoto wake wanne. Kilichomwokoa yeye na kuniumbua mimi ni tone la maji lisiloweza kulowesha hata ukucha. Mpaka leo nikilikumbuka tone lile nacheka peke yangu kwa furaha, na masikio yananiwaka kwa aibu.

Lakini kwanza Mzee Mbusa, maana bila yeye leo ningekuwa fundi wa baiskeli. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo nilipoajiriwa. Alinifundisha kukausha mmea katikati ya magazeti, kubadilisha magazeti kila asubuhi, na kuandika lebo kwa penseli. Penseli, wanangu! Wino hukimbia ukiguswa na alkoholi, penseli inabaki pale pale. Alinifundisha pia kukaanga mchele bila mafuta mpaka ukauke kabisa, kuutia kwenye chupa na kulizika jani ndani yake. Mchele hunywa maji ya jani. Hata ukikwama msituni wiki mbili kwa sababu njia imefungwa na watu wenye bunduki, unarudi na jani lako likiwa kijani bado. Ushikeni mchele huo akilini, kwa sababu ulinitia aibu nitakayoisimulia sasa hivi.

Maua ya okidi hayakaushiki vizuri, kwa hiyo Mzee Mbusa aliyahifadhi kwenye chupa za alkoholi, rafu nzima, kila chupa na jina lake. Sasa, vita vimepita kwetu mara nyingi hata hatuvihesabu tena kwa namba. Mara moja ya hizo sisi wa kituo tunaiita vita vya milango, kwa sababu askari waliolala pale waliondoka na milango yote. Tuliporudi tulikuta chupa za Mzee Mbusa zimepangwa sakafuni vizuri sana, tupu, na maua yamemwagwa pembeni. Walikuwa wamekunywa alkoholi yote. Mzee Mbusa alisimama akatazama, akatazama tena.

"Paluku," akasema, "batu bamekunywa kazi yangu ya miaka yote, na hapana hata mumoja aliumwa na tumbo!"

Kilichomuudhi zaidi, nadhani, ni hilo la tumbo.

Askari hao walikata pia miti kwa ajili ya kuni, pamoja na mti uliobeba vanila mama, mbele ya ofisi. Ilikuwa ndiyo vanila tuliyotegemea kutoa marando ya kuwapa wakulima. Nilizunguka nyumba kuangalia kilichobaki. Na hapo nyuma ya jiko, kwenye mparachichi, nikaiona kamba ya vanila nzima, majani manene yanang'aa! Niliruka, jamani, niliruka kama mtoto. Niliamini ile ya mbele ilikuwa imetambaa ikazunguka nyumba, kwa sababu vanila ndivyo ilivyo, ikigusa udongo inatoa mizizi mipya na kuendelea na safari. Mzee Mbusa wakati huo alikuwa anaumwa, ameshahamia kwa binti yake, na hakurudi kazini tena. Sikwenda kumwuliza. Kwa nini nimwulize? Imeota kituoni, basi ni vanila ya kituo. Nikaifungia lebo mpya, kwa penseli, mwandiko mzuri sana.

Kila msimu nilikata marando kwenye kamba ile. Haikutoa ua hata moja, nami nikasema ni kivuli cha mparachichi na ni kukatwakatwa. Baada ya muda nikawa nimewagawia familia arobaini kule Vuhovi, wakulima wa kahawa na maharage waliotaka kujaribu zao jipya. Vanila husubiriwa miaka mitatu kabla ya ua la kwanza. Walikuwa wamesubiri miwili, wanaifunika mizizi kwa majani makavu, wanaizungumzia kanisani, wanaiogopea mbuzi. Mimi nikipita na moto wangu, yaani pikipiki, walinisimamisha kunipa ndizi mbivu, na nilizikubali zote.

Ndipo akatokea Mama Kavugho. Alikimbia kutoka kijiji kimoja upande wa Beni, pale mauaji yalipofika kwao. Alitembea siku mbili na watoto wanne na beseni kichwani. Ndani ya beseni kulikuwa na sufuria, rozari ya mama yake, na chini kabisa kamba za vanila zimekunjwa ndani ya majani ya mgomba. Wengine walikimbia na magodoro, yeye alikimbia na vanila! Mwenye shamba mmoja wa Vuhovi, Baba Muhindo, alimpa pembe ya shamba lake la kahawa. Masharti yalikuwa rahisi: mama alime vanila, mavuno wagawane nusu kwa nusu.

Vanila yake ilishika vizuri. Tatizo ni kwamba haikufanana na ile ya familia arobaini. Majani yake yalikuwa membamba kidogo, na kijani chake kilikuwa kingine. Watu wakaanza kunong'ona, na Baba Muhindo akaniita nikaangalie. Nilifika na koti langu la kazi, nikashika jani moja kwa vidole viwili, nikalitazama juu na chini kama daktari.

"Mama, hii iko ya pori," nikasema.

"Hapana, Mzee. Iko vanille. Mama yangu aliilima, na miye niliilima. Maua yake niliyaolesha na hii mikono."

Kwetu kuolesha maua, yaani kuyaozesha, ndiyo kuyachavusha: unakutanisha dume na jike kwa mwiba, kwa sababu huku hakuna mdudu wa kuwafungia ndoa.

"Lakini hapana fanana na ya kituo," nikamwambia.

"Basi labda ya kituo njo iko na shida."

Tulicheka. Baba Muhindo alicheka, majirani wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikaandika: mimi niliyetia sahihi hapa chini, fundi wa mimea, nathibitisha kwamba kamba zilizo katika shamba hili ni za pori na hazina faida. Muhuri wa kituo, muhuri wa idara. Baba Muhindo akaikunja barua akaiweka mfukoni.

"Mama, utanisamehe," akamwambia. "Shamba yangu hapana ya kuchunga pori. Mvua ya Septemba ikianza napanda kahawa pale. Utafute fasi ingine."

Wiki iliyofuata nilimkuta Mama Kavugho ameketi kwenye benchi la kituo, jani mkononi. Na kesho yake. Na kesho kutwa. Hakupiga kelele. Kila nilipopita aliniuliza neno lile lile: "Mzee, kuko njia gani ya kuhakikisha?" Nikamwambia njia ni ua, na hata kamba ndefu kama zake, zinazowahi kuchanua, zinahitaji mwaka mzima zaidi. Vanila yake ya zamani, iliyokuwa ikichanua kila mwaka, ilibaki kule kijijini, na kule hakuna aliyethubutu kwenda. Jirani zake wawili walikwenda kuchimba mihogo yao wakazikwa huko huko. Ya nini kumwambia alete ua?

Hapo ndipo aliingia Katungu. Mnamjua ninyi kama mkubwa wenu, lakini wakati ule alikuwa binti aliyerudi kutoka masomoni na mashine moja ndogo ya kuzidisha vinasaba, ambayo wenzake walidhani ni ya kupashia chakula. Alimkuta mama kwenye benchi, akasikiliza, akaja ofisini kwangu.

"Papa Paluku, hapana lazima ua. Jani inatosha."

"Jani gani inatosha? Miye nimeshaangalia jani!"

"Uliiangalia na macho. Mimi nitaiuliza yenyewe."

Akanieleza. Mnaijua ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni, inayoonyesha bidhaa ni ipi? Ndani ya kila jani kuna maandishi kama hayo, yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Huhitaji kusoma yote. Unachukua kipande kifupi, kipande kile kile kwa kila mmea, unakizidisha mara nyingi mpaka kisomeke, halafu unaiuliza maktaba ya dunia nzima: huyu ni nani? Na maktaba inajibu kwa jina!

Wanangu, nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini siku ile nilijisikia nimeajiriwa jana. Miaka yote nimesubiri maua. Nimelala msituni kusubiri maua, nimenyeshewa, nimeng'atwa na siafu kwa ajili ya ua linalofunguka asubuhi na kufa mchana. Na huyu binti ananiambia jani linatosha! Nilikubali papo hapo. Nikiri pia kwamba nilikubali kwa kiburi, nikitaka mama yule aondoke kwenye benchi langu.

Tulihitaji majani mawili, la Mama Kavugho na la vanila mama ya kituo, ya kulinganisha. Nikayapa majina ya kwetu kwa mpangilio wa kuzaliwa: la kituo Mumbere, la mama Kambale. Nikayakata, na kwa unadhifu wote niliofundishwa nikayazika ndani ya mchele uliokaangwa. Siku tano. Yalitoka makavu, mazuri, nikampelekea Katungu kwa majivuno. Akayasaga, akayaosha, akayazidisha kwenye mashine, groupe ya mafuta, yaani jenereta, ikiunguruma nje kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Tone moja la kila jani likavushwa mpakani na mtu wa mizigo, likasomwe ng'ambo kwenye mashine kubwa. Tukasubiri wiki tatu. Sikulala vizuri, sikula vizuri, mke wangu akaniuliza kama naoa mke wa pili.

Majibu yalipokuja Katungu alifungua kompyuta yake, akaiuliza maktaba, akasoma mara mbili. Kisha akaanza kucheka, akaweka kichwa kwenye meza.

"Papa, Kambale iko muchele."

"Nini?"

"Muchele! Riz! Na Mumbere pia iko muchele. Tumesoma sahani ya wali!"

Jani la vanila lina ute kama bamia, na vumbi la mchele lilikuwa limenata kwenye ute ule. Mashine ilizidisha ilichokipata. Nilisimama pale na koti langu la kazi, fundi wa mimea, mwenye mihuri miwili, niliyegundua vanila inayozaa wali.

"Lakini Papa," Katungu akauliza akifuta machozi, "Vuhovi iko hapa karibu. Ni safari fupi tu na moto. Kwa nini uliikausha?"

Nilikausha kwa sababu nilifundishwa kukausha. Nilifundishwa kwa ajili ya njia zilizofungwa na wiki mbili za msitu, na sikuwahi kujiuliza kama leo njia iko wazi. Liandikeni hili kwenye madaftari yenu, hata kwa wino: ukifanya jambo la kazi, ujue lilianza kwa sababu gani.

Habari za mchele zilifika Vuhovi kabla yangu. Baba Muhindo hakucheka muda mrefu. Alikuwa ameshaanza kuchimba mashimo ya kahawa pembeni mwa vanila ya mama, manne yamekamilika, na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nilimwomba aniachie mpaka majibu ya pili. "Mpaka mvua, Mzee," akasema. "Mvua hapana ngojea maktaba." Mama Kavugho mwenyewe ndiye aliyechuma jani safari hii. Alinipa ncha changa kabisa ya kamba yake, akanitazama machoni. "Usiipike, Mzee," akaniambia.

Tulifanya kila kitu upya. Ncha changa ina ute mdogo, hilo mlishike. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha, ukitia kingi unatengeneza uji. Tulinawa, tukaweka na tyubu ya tatu yenye maji matupu: hiyo ikionyesha chochote, basi uchafu ni wetu. Beignet, yaani andazi, hairuhusiwi mezani, na ninamtazama mmoja wenu ninaposema hivyo. Katungu alifunga mapazia, akawasha taa ya buluu, na nikaviona kwa macho yangu: vistari viwili vidogo vinawaka, Mumbere na Kambale, na pa maji matupu giza safi. Nilipiga makofi. Katungu alipiga makofi. Tulicheza kidogo, nitasema hivyo tu.

Safari hii nilibeba tyubu mwenyewe hadi Kasindi, mpakani. Njia ya Beni wakati huo ilikuwa ya msafara, malori yanangojana na askari mbele na nyuma, na mahali fulani dereva alituambia tuinamishe vichwa, tukainamisha. Nilizilinda tyubu zangu kwa tumbo. Mpakani, afisa mmoja mpole na makini alizishika akaziinua kwenye mwanga.

"Papa, munabeba nini humu?"

"Majani."

"Sione majani. Naona maji."

"Majani iko ndani, lakini haionekane."

Aliita mwenzake. Wakatazama wote wawili. Nikawaeleza herufi nne, pakiti ya sabuni, mama na mashimo ya kahawa, mchele, yote. Madereva wakakusanyika, mvunjaji wa pesa akaacha meza yake akaja kusikiliza. Mwisho afisa akaandika kwenye fomu: majani, yasiyoonekana. Akagonga muhuri akanitakia safari njema.

Majibu yalirudi siku kumi na mbili baadaye, mchana, anga jeusi kabisa juu ya Butembo. Katungu aliweka mistari miwili ya herufi, mmoja juu ya mwingine, Mumbere juu, Kambale chini. Tukahesabu pamoja kwa kidole. Sawa, sawa, sawa, tofauti! Sawa, sawa, tofauti! Nikaruka.

"Nilisema! Hapana fanana! Ya mama hapana fanana na ya kituo!"

"Ngojea, Papa. Tuulize maktaba."

Akaiuliza habari za Kambale kwanza. Jina likatoka: vanila yenyewe, ile ya sokoni, ya biskuti, herufi zote zimekubaliana. Kisha akaiuliza habari za Mumbere. Jina likatoka: kamba ya misitu ya Kongo, ndugu wa mbali, ganda lisilo na harufu. Nikakaa. Nikamwuliza kama huenda tulibadilisha tyubu. Nilitamani tuwe tumebadilisha, nilitamani hata mchele urudi. Katungu akanionyesha daftari, kila hatua, mwandiko wake na wangu, kwa penseli. Hatukubadilisha kitu. Ninachotaka mwelewe ni kwamba hata nilipokuwa nimeketi pale, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inashangilia. Kazi ilikuwa imesema ukweli bila kuogopa mvi zangu!

"Niandike nini ku rapport?" Katungu akauliza.

"Andika ya Mama Kavugho. Yake iko muzuri. Inatosha."

Aliweka kalamu chini. "Na zile familia arobaini?"

Nilivua koti la kazi nikaondoka. Nilibakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Vanila ya wale watu ingechanua, maganda yasingenukia, wangelaumu udongo au vita, na kwetu nani angeshangaa vita kulaumiwa? Nawaambia wazi kwamba niliwaza hivyo njia nzima, mpaka nikajikuta mlangoni kwa Mzee Mbusa. Macho yake yalikuwa yamefifia. Nikamwekea jani mkononi, akalipapasa taratibu.

"Hii uliitoa wapi?"

"Kituoni, Mzee. Nyuma ya jiko."

"Ku avocat, ule mparachichi? Aye, Paluku! Ile niliileta miye kutoka pori ya Beni, kwa ajili ya kulinganisha. Niliipanda nyuma ili batu basiichanganye na ya mbele!"

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Weye kwa nini hukuniuliza? Uliangalia nyumba, hukuangalia mumea." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika kiganja, akaacha kucheka. "Mutoto yangu, uende uwaambie batu. Bataendelea kungojea."

Jumapili ile nilitoka kwenye ibada yetu ya Kiprotestanti nikaenda moja kwa moja Vuhovi, kitabu cha nyimbo bado kwapani, nikawangojea Wakatoliki watoke misa. Nilisimama uwanjani kwao nikawaambia yote: askari, mparachichi, lebo yangu nzuri. Nikawaambia wang'oe marando niliyowapa. Mzee mmoja akapaza sauti, "Miaka mbili, Mzee! Miaka mbili naifunika na majani kama mutoto!" Mama mmoja alikwenda mbio shambani kwake, akarudi na kamba nzima akaitupa miguuni pangu. Niliiokota. Iliniuma, na ilistahili kuniuma.

Mama Kavugho akasimama.

"Baba Muhindo, ile barua iko wapi?"

Ilikuwa bado mfukoni mwake. Mama akanipa nisome mbele ya wote, nikaisoma, mistari minne na mihuri yake miwili. Mtu akasema ipasuliwe. "Hapana," mama akasema. "Igeuze, Mzee. Andika nyuma yake."

Akanisomea neno kwa neno. Kwamba yeye Kavugho atawapa familia zote arobaini marando ya vanila yake, bila malipo. Na kwamba Baba Muhindo anamwachia ile pembe ya shamba, yeye na watoto wake, muda wote kamba yake ya vanila itakapokuwa hai. Watu wote wakamgeukia Baba Muhindo. Alikuna kidevu. Alikuwa amesikia kwamba kamba ya vanila huchoka baada ya miaka kumi hivi.

"Miaka kumi," akasema. "Haya. Iko bien."

Akatia sahihi. Nikabaki mimi, shahidi na fundi. Kalamu ilisimama hewani, kwa sababu kuna jambo moja nililijua kuhusu vanila. Nikamtazama Mama Kavugho, naye akanitazama, uso umetulia kabisa.

"Mzee, kuko neno?"

"Hapana neno," nikasema, nikatia sahihi. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka kwenye karatasi wakati naupuliza wino.

Ua la kwanza la mama nililiona mwaka uliofuata. Alinitumia ujumbe, nikafika kumekucha tu. Aliinua ulimi wa ua kwa mwiba wa mlimau, akabana kwa kidole gumba, ndoa ikafungwa. Nilitaka kupiga vigelegele, nikavipiga. Miezi kadhaa baadaye ganda lililokaushwa lilinukia nyumba nzima, na wale wa Vuhovi wakaanza tena kunipa ndizi, lakini moja moja.

Sasa ni miaka zaidi ya kumi na miwili. Mwezi uliopita nilipita Vuhovi nikawakuta wote wawili shambani. Baba Muhindo aliniita pembeni, ile karatasi mkononi, imechakaa kwenye mikunjo.

"Mzee Paluku, weye njo unajua hii mambo. Vanille moja inaishi miaka ngapi?"

Mama Kavugho hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika kamba ya zamani, ile ile ya kwenye beseni. Aliinamisha sehemu yake changa mpaka chini, akailaza kwenye udongo, akaifunika kwa viganja. Mwaka huu itatoa mizizi pale, na mwakani ataiinamisha mahali pengine.

"Haifi, Baba Muhindo," nikamjibu, "kama kuko mutu wa kuiinamisha."

Akatazama udongo, akatazama mikono ya mama, akanitazama mimi.

"Mulijua," akasema. "Bote babili mulijua!"

Akatikisa kichwa, akaikunja karatasi akairudisha mfukoni. Kisha akachukua jembe lake, akaenda kumsogezea mama udongo mwingine.